Usukani Uliokunywa Maji ya Bwawa

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilipofika arobaini na ushei nilikuwa nimekwisha kuona kila jambo ambalo mbao inaweza kumfanyia mwanadamu. Nimeona mlango ukipasuka katikati siku ya harusi, bwana harusi yuko kizingitini. Nimeona kitanda cha mtu mnene kikiachia miguu yote minne kwa pamoja. Nimepasua gogo la mninga nikakuta tumboni mwake risasi ya Mjerumani, imelala humo tangu vita ya kwanza, imefunikwa vizuri kama kiini cha yai. Mtu akiniambia kwamba kipande cha ubao kitanishangaza mimi, nilikuwa namtazama kwa huruma tu.

Nayasema haya mwanzoni ili ijulikane aliyefedheheshwa pale bwawani alikuwa nani. Hakuwa mwanagenzi.

Shuleni nilikaa miezi miwili, kule kwetu upande wa Ziba, halafu ng'ombe wa baba wakanihitaji zaidi kuliko mwalimu. Kusoma nimejifunzia kwenye makasha ya chai na ubavuni mwa mabehewa ya reli. Nilikuja Tabora kwa miguu. Nikaanza chini kabisa, ndani ya shimo la wapasua mbao, mimi ndiye niliyeshika msumeno upande wa chini, unga wote wa mbao unaniingia machoni. Kutoka shimo lile mpaka karakana yangu mwenyewe pale Isevya, yenye mafundi wanne na mabati juu, hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilijishika mwenyewe.

Juu ya mlango wa karakana niliweka ubao. Nilichonga herufi kwa patasi, moja moja, nikazipaka rangi nyeupe: FUNDI ASIYESHINDWA NA MBAO. Watu walitoka Igunga na malori ya pamba wakiulizia ubao ule. Hawakuulizia jina langu, waliulizia ubao. Kwa hiyo mtu anayeugusa ubao ule anagusa chakula cha watoto wangu.

Sasa nimtaje jirani yangu. Alikuwa bibi mmoja wa Ujiji, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuita treni. Aliuza dagaa wakavu walioletwa na treni ya Kigoma, na banda lake lilitazamana na karakana yangu. Watu wa Ujiji na sisi Wanyamwezi tumetaniana tangu babu zetu walipokuwa wakigawana moto kwenye kambi za misafara, wao wakipokea mizigo kule ziwani na sisi tukiibeba mpaka pwani. Mtani wako akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako humwiti polisi, unakikomboa kwa bei anayotaja yeye. Mke wangu alipojifungua mtoto wa tatu, bibi yule aliingia karakana akabeba randa yangu kubwa chini ya khanga, akakaa nayo siku mbili mpaka nilipompa jogoo. Ndiyo desturi. Sikuitunga mimi, na kama ningeulizwa ningeirekebisha sehemu kadhaa.

Basi miaka ile baada ya vita ya pili, vijana wetu wamekwisha rudi kutoka Burma, alikuwapo Mwingereza mmoja aliyesimamia maji ya mji. Sisi tulimwita Bwana Maji. Serikali ilikuwa imeziba bonde nje ya mji kupata bwawa, na Bwana Maji, kwa sababu alikuwa na bwawa, akaona lazima awe na mashua. Aliijenga nyuma ya nyumba yake kwa kufuata kitabu kutoka kwao: mashua ndogo ya mbao, ya watu wawili, yenye mlingoti mmoja na tanga jeupe. Nilikwenda kuitazama. Kwa mtu asiye fundi, ilikuwa kazi nzuri.

Lakini bonde lile lilizibwa kabla miti haijang'olewa. Waliikata tu kwa shoka, wakaacha mapande ya kufika kiunoni, halafu maji yakaja juu yake. Chini ya maji yale kulikuwa na visiki vya myombo, vigumu kama pembe za nyati. Mashua yenyewe ilikuwa na tumbo bapa, ikipita juu yake bila kugusa. Usukani wake ulishuka chini zaidi ya tumbo, na ndio uliokuwa ukipigwa. Wa kwanza ulivunjika. Wa pili ulivunjika. Bwana Maji akaja Isevya na vipande chini ya kwapa akitaka nimtengenezee wa tatu, uleule.

Nikamwambia hata nikimtengenezea kumi zitakuwa kuni kumi. Kosa halikuwa mbao, lilikuwa kitabu chake. Aliyekiandika hakujua kwamba kuna watu wanaofurika msitu halafu wanataka kutembea juu yake na tanga. Nikamwambia aniache nifikirie usukani utakaojikunja wenyewe ukipigwa, kisha urudi chini.

Akauliza kama nimewahi kuona mashua maishani mwangu.

“Mashua sijui, bwana,” nikasema. “Najua mbao.”

Alicheka, akakubali. Alitaka uwe tayari kabla ya sikukuu yao moja, maana rafiki yake angekuja kutoka Mwanza na mashua yake juu ya behewa, washindane mbele ya wazungu wote wa Tabora.

Nilifikiri siku nne. Mtu akisema nilisaidiwa kufikiri, ni mwongo. Nilikaa kwenye tuta karibu na stesheni nikitazama ule mkono wa ishara ya reli, ubao mwekundu unaopanda na kushuka mlingotini ukivutwa kwa waya kutoka mbali. Mkono ule umefungwa sehemu moja tu, kwa msumari mnene, na sehemu iliyobaki iko huru. Nikajisemea: kumbe usukani ni mkono wa ishara uliotiwa majini. Nikarudi nikachora kwa mkaa juu ya meza ya kazi. Mbao mbili pembeni, hizo nikaziita mashavu, zinafungwa kwenye mashua kwa bawaba na hazijikunji. Katikati yake ubao mmoja mrefu, ulimi, umeshikwa na bolti moja. Kisiki kikiupiga, ulimi unarudi nyuma na kupanda. Kikipita, unashuka. Na kamba moja ya katani inapita juu ya mashavu mpaka kwa mshika usukani, ili mwenyewe akitaka auinue kwa mkono.

Mashavu niliyafanya ya mninga, kwa uzuri wake. Ulimi niliufanya wa myombo, kwa sababu visiki ni vya myombo na nilitaka ndugu wakutane na ndugu. Nikautia kwenye beseni la mke wangu, ukaelea. Wala sikushtuka, nilitegemea. Ulimi unaoelea hauwezi kushuka. Nikatoboa shimo karibu na ncha, pana ndani kuliko mdomoni, nikayeyusha risasi ya betri kuukuu ya lori katika sufuria (sufuria ile tuligombana baadaye) nikaimimina. Ilipoganda haikutoka tena, maana ilikuwa nene ndani kuliko mlango wake. Ulimi ukazama kama jiwe. Nikapaka kila kitu nta ya nyuki, tabaka tatu, kama ninavyopaka vitanda vya maharusi. Kisha nikatoboa tundu la bolti, nikaunga.

Hapa nataka nieleweke. Tabora ni nchi kavu. Kiangazi kikija mlango wowote unasinyaa, na fundi anayeacha nafasi leo mwezi wa nane ataona mwanga ukipita. Kwa hiyo sisi tunabana. Mimi nilikuwa nabana kuliko wote. Ulimi uliingia kati ya mashavu laini kama kidole kwenye asali, na wembe usingepita pembeni.

Bibi wa dagaa alikuja kutazama. Alijaribu kuingiza ukucha kati ya ulimi na shavu, ukagoma.

“Mtani,” akasema, “hii umeikaba koo.”

Nikamwambia huo ndio ufundi.

“Mbao ikiingia majini inakunywa. Marehemu baba yangu alijenga mitumbwi na mashua Ujiji mpaka mgongo ukapinda. Kila kitu kinachocheza alikiachia nafasi ya kushiba.”

“Baba yako aliwahi kutengeneza mlango?”

“Wa nini? Nyumbani kwetu hakukubaki cha kuibwa. Nyie wabeba mizigo ndio mliokuwa mkipita.”

Mafundi wangu wanne wakacheka, wanaokula kwangu. Nikamwambia arudi kwenye dagaa wake, mbao aniachie mimi, na hii ina nta tabaka tatu, maji yataingilia wapi? Nikaongeza, kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba usukani huu ukishindwa nitaushusha ubao wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

“Usijisumbue kupanda ngazi, mwanangu,” akasema. “Kwa umri wako utaanguka. Nitaushusha mimi.”

Niliujaribu kwenye pipa la maji. Nilivuta kamba, ulimi ukapanda. Nikaachia, ukashuka, tak, kama ishara ya reli treni inapoingia. Nilifanya hivyo mara kumi, watu wamejaa. Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilikaa pale pipani muda wa kuvuta sigara moja tu.

Siku ya sikukuu yao tulikwenda bwawani kwa lori, nusu ya Isevya. Bibi alikaa mbele na dereva kwa sababu ya magoti yake. Bwana Maji alikuwa ameiteremsha mashua majini tangu asubuhi, usukani uko chini, akaifunga kwenye gati, wakaenda kivulini kunywa na kula. Walikula kwa utaratibu wao, sahani baada ya sahani. Jua likapinda ndipo wakaamka kushindana. Saa zote hizo usukani wangu ulikuwa unakunywa.

Ile nta ilizuia maji ubavuni. Lakini tundu la bolti nililitoboa baada ya kupaka. Humo ndani mbao ilikuwa uchi. Maji yaliingia kwa mlango nilioyafungulia mimi mwenyewe, na myombo, nimejua baadaye, ni mlevi.

Walikwenda vizuri mpaka katikati, Bwana Maji mbele, mgeni wa Mwanza nyuma. Nilimwona akiviona visiki. Akavuta kamba. Akavuta tena, amesimama nusu. Kamba ikakatika, akaketi kwa matako. Ulimi haukusogea hata upana wa unywele. Ulikuwa umevimba ukajifunga kati ya mashavu kama mtoto aliyekataa kumeza dawa. Kisiki kikaupiga ukiwa umesimama wima. Shavu la kushoto likapasuka, bawaba zikang'oka na parafujo zake, mashua ikazunguka, tanga likampiga Bwana Maji kichwani akaingia majini na kofia yake.

Maji yenyewe yalimfika kifuani. Alitembea mpaka ukingoni ameshika vipande. Wake wa kizungu walikuwa wanacheka, na nadhani hicho ndicho kilichomkasirisha. Alipofika mbele yangu alivitupa miguuni pangu.

“Nilijua,” akasema. “Kazi ya mtu mweusi. Sasa nitaandika Nairobi wanitumie usukani wa kweli.”

Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Mbao moja imevimba, basi ni ngozi yangu imevimba! Sukani mbili za kitabu cha kwao zilivunjika palepale, kwenye visiki vilevile, na hakuna aliyesema kazi ya mtu mweupe. Na msitu chini ya maji aliuacha nani? Mimi? Sikujibu kitu, kwa sababu siku zile mtu hujibu akiwa amekwisha hesabu watoto wake. Nikageuka. Nikamwona bibi. Hakucheka. Alikuwa amenyoosha kiganja kwangu, wazi, kama mtu anayedai nauli.

Kesho yake asubuhi nilikuta misumari minne juu ya mlango na ukuta mweupe wenye umbo la ubao. Ubao wenyewe uko ng'ambo ya barabara, umelazwa juu ya mawe mawili bandani kwa bibi, na juu yake ameanika dagaa. Dagaa! Wateja walikuwa wakichota kipimo kimoja, wanasoma FUNDI ASIYE. Wanachota cha pili, wanasoma SHINDWA.

Nilivuka barabara nikiwa nimekwisha panga maneno makali, lakini umri ni umri.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Nikupimie wa ngapi?”

Nikamwambia ataje bei ya ubao. Akasema hataji. Akasema ubao ule kwa sasa ni uongo, na yeye ni mfanyabiashara mwaminifu, hauzi uongo. Nikatengeneze kwanza usukani unaofanya kazi, ndipo tuzungumze. Halafu akachakura kwenye kopo la mauzo, akatoa senti kumi mbili, zile kubwa za shaba zenye tundu katikati.

“Shika. Moja huku ya ulimi, moja huku, bolti ipite kwenye matundu. Unene wa senti ndiyo nafasi ya kushiba. Nakukopesha.”

Nilitaka kuzitupa. Lakini fundi ni fundi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuzipima kabla moyo haujakataa. Unene wake ulikuwa sawa kabisa. Hilo liliniudhi kuliko dagaa.

Nilitengeneza usukani wa pili kwa mbao zangu na muda wangu, hakuna aliyeniagiza. Na hapa niliongeza jambo ambalo bibi hakulisema wala baba yake hakulisema: nililaza ulimi kwenye pipa siku tatu, ukanywa mpaka ukachoka, ndipo nikaupiga randa ukiwa umelewa. Tundu la bolti nikalitoboa kwanza, nta ikafuata, ndani na nje. Matundu ya zile senti niliyapanua kwa tupa ya mviringo, nikaziweka pande mbili, nikakaza nati. Usukani ulicheza. Ukiutikisa ulilia kidogo, na mimi maisha yangu yote sijawahi kutoa karakana kitu kinacholia. Niliona aibu kuubeba.

Niliubeba kwa miguu mpaka barazani kwa Bwana Maji. Usukani wa Nairobi ulikuwa haujafika. Alikuwa hataki kuniona, nikasema nitaufunga bure, ukivunjika asinilipe hata huo wa kwanza. Akauchunguza. Akaona zile senti.

“Hizi pesa za Mfalme,” akasema. “Ni kosa kuzitoboa.”

“Zilikuja zimetobolewa, bwana.”

Tulikwenda bwawani. Safari hii nilimwomba mashua ikae majini kutwa nzima kabla hajapanda, nami nikakaa ukingoni nikiilinda kama mgonjwa. Jioni, jua likiwa bado lipo, akaenda. Akavielekea visiki kwa makusudi. Nilisikia kabla sijaona: tak. Ulimi umepanda. Tak. Umeshuka. Mashua haikuyumba. Akageuka akavirudia. Alivipita mara nane, anacheka peke yake kule majini.

Jumapili iliyofuata aliniita nije na spana, kukiwa na neno. Neno halikuwapo. Walikuwapo wageni wake, na yule wa Mwanza. Aliuinua usukani, akaukunja na kuukunjua mbele yao, akiwaeleza. Kiingereza changu ni kidogo, lakini mtu anayejigonga kifua huku akionyesha usukani hahitaji mkalimani. Wakampigia makofi. Yule wa Mwanza akachora kwenye karatasi apeleke kwao. Mimi niko hatua tatu, nimeshika spana. Hakuna aliyegeuza shingo.

Nilirudi Isevya. Nilikwenda moja kwa moja bandani nikamweleza bibi, maana ndiye aliyejua kila kitu. Nikasema, huyu mtu ni mwizi! Akili ni yangu, siku nne nimekaa stesheni kwenye jua, yeye anajigonga kifua. Bibi alikuwa anapepeta dagaa, akaniacha nimalize.

“Na wewe,” akasema, “mafundi wako umewaambia nafasi ya senti ilitoka wapi?”

Nilikuwa nimewaambia niliota.

“Nimewasikia, mtani. Wanasema fundi akiota, anaota senti.” Akakung'uta dagaa kutoka kwenye ubao, akaufuta kwa ncha ya khanga. “Sasa ubao si uongo tena. Haya, tutaje bei.”

Nilimpigia kelele. Nikasema desturi ni jogoo. Akasema jogoo ni wa randa, na ubao huu unalisha watoto sita, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikitangaza hivyo. Nikasema huo ni unyang'anyi. Akasema ndiyo, wa jadi. Watu walikuwa wamesimama, wengine wamekaa kabisa. Nikatoa.

Nikawaita mafundi wangu waje kuubeba, nikawaambia palepale barabarani, bila kupunguza sauti, senti zile zilikuwa za nani na nafasi ile ilikuwa ya baba wa nani. Nililisema kwa hasira, lakini nililisema. Siku tano za pipa nilizibakiza zangu, au tatu, sikumbuki vizuri, lakini ni zangu.

Ubao uko mahali pake. Mvua ikinyesha bado unanuka Ujiji. Bwana Maji kwa sukani zote mbili alinilipa bei ya moja, shilingi kumi na tano. Kuukomboa ubao shilingi kumi na tano, na mkopo wa bibi, ambao hakuusamehe, senti ishirini. Jumla niliyotoa, shilingi kumi na tano na senti ishirini.